Punje Nyekundu za Utumbo

Binti yangu wa kwanza alizaliwa kabla ya siku zake. Nilikuwa nimebakiza zaidi ya mwezi mmoja, na asubuhi ile nilikuwa kazini, katika chumba kidogo cha maabara cha kituo cha afya nje kidogo ya Mlola, naosha vioo vya hadubini. Maji yaliponimwagikia miguuni nilidhani nimepiga teke ndoo. Muuguzi wetu, mama mtu mzima wa Kilutheri aliyekuwa amewapokea watoto wengi wa vijiji vile kwa mikono yake, aliniangalia mara moja tu.

"Acha hivyo vioo," alisema. "Njoo huku."

Mtoto alikuwa mdogo kiasi kwamba kofia aliyofumiwa na bibi yake ilimfunika mpaka kidevuni. Hakulia kwa nguvu. Alilalamika kidogo tu, kama mtu aliyekatizwa usingizi. Ilikuwa Julai, mwezi ambao huku kwetu ukungu hauondoki mpaka saa tano, na kituo hakikuwa na mashine ya kumtia joto. Muuguzi alinifungua blauzi, akamlaza mtoto kifuani pangu ngozi kwa ngozi, akatufunga pamoja kwa kanga, kisha akatufunika mablanketi mawili.

"Joto lake ni wewe," aliniambia. "Na chakula chake ni wewe. Kitu kingine chochote kisiingie mdomoni mwake."

Mama yangu alifika mchana kutoka Vuga, amepata nafasi kwenye gari lililokuwa linakwenda kuchukua kabichi. Alimtazama mjukuu wake, akamsomea dua, akampulizia utosini. Kisha alipoona matone ya njano yakitoka kwenye titi langu akashtuka.

"Hayo yakamuliwe yamwagwe kwanza," alisema. "Yamekaa humo miezi yote, ni machafu. Mpeni maji ya vuguvugu yenye sukari mpaka maziwa meupe yashuke."

"Shikamoo, mama," muuguzi alimwambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema jambo lile mara nyingi bila kulichoka. "Hiyo ni dang'a. Hiyo ndiyo chanjo yake ya kwanza. Tutaikamua, lakini itaingia kwenye kijiko, na kutoka kwenye kijiko itaingia kwa mtoto."

"Marahaba," mama alisema. Akageukia dirishani, akakaa vile muda mrefu akiangalia nje, ambako hapakuwa na kitu cha kuangalia zaidi ya ukungu. Nilidhani amekasirika kwa kupingwa na mtu mdogo kwake kwa umri.

Mtoto alinyweshwa dang'a tone kwa tone. Baada ya wiki mbili akajifunza kunyonya mwenyewe, na baada ya mwezi mashavu yakaanza kuonekana. Tulirudi nyumbani, kwenye nyumba ya walimu aliyopewa mume wangu, ambaye alikuwa akifundisha shule ya msingi pale Mlola. Mama alikaa nasi kunisaidia. Likizo yangu ilipokwisha nilirudi maabara, na kwa kuwa kituo kilikuwa mwendo mfupi tu kutoka nyumbani, mama alikuwa akiniletea mtoto ninyonyeshe, kisha anarudi naye mgongoni.

Hapo sasa inabidi nimtaje kaka yangu, kwa sababu bila yeye habari hii haiendi.

Kaka ndiye kifungua mimba wa nyumba yetu. Alikuwa karani wa ghala kwenye shamba la mkonge kule bondeni, upande wa Mazinde, mpaka kazi zilipopunguzwa na yeye akawa mmoja wa waliopewa barua. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Vitu tulivyozoea kuvipangia foleni, sabuni, sukari, betri za redio, sasa vilikuwa vimejaa madukani, na mtu aliyekuwa na fremu na rafu mbili alikuwa mfanyabiashara. Dawa nazo zilifika hivyo hivyo. Zamani dawa ilikuwa kitu cha zahanati. Zahanati ikiishiwa, nawe umeishiwa. Kaka alihudhuria mafunzo ya siku chache mjini, akapaka chokaa fremu moja pembeni mwa soko la Mlola, akaandika kwa mkono wake mwenyewe juu ya mlango: DUKA LA DAWA.

Watu walimpenda. Alikuwa na subira ya kusikiliza. Mkulima akishuka kutoka vijiji vya juu na gunia lake la viazi, akimweleza kwamba tumbo linamnguruma tangu juzi, kaka alikuwa akiacha kila kitu, anaegemea kaunta na kumsikiliza mpaka mwisho. Kisha anafungua kopo. Dawa iliyopendwa kuliko zote ilikuwa kapsuli ya antibayotiki ambayo watu waliiita "rangi mbili". Waliinunua moja moja au mbili mbili, kwa kikohozi, kwa tumbo, kwa jino. Wengine waliifungua na kumwagia unga wake kwenye kidonda cha jembe. Hakuna aliyeona ubaya, na sitasema kwamba mimi niliuona. Nilikuwa nafurahi kila nilipopita pale nikaona kaka yangu amesimama tena, amevaa koti lake jeupe, baada ya mwaka mzima wa kukaa barazani bila kazi.

Binti yangu alipokuwa anakaribia miezi minne, akaanza kuharisha. Haikuwa kali. Alikuwa anacheka, ananyonya, anakojoa vizuri. Nilichukua mwenyewe kinyesi chake nikakiangalia kwa hadubini. Sikuona damu, sikuona vimelea. Nikampelekea muuguzi majibu.

"Kama kungekuwa na damu, au homa, tungezungumza lugha nyingine," alisema. "Huyu mnyonyeshe. Mnyonyeshe kuliko kawaida. Nitakupa pakiti za ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji, umpe kwa kijiko kila akiharisha. Tumbo la mtoto lina ulinzi wake. Tulipe nafasi."

"Ulinzi gani?" nilimuuliza.

Alifikiri. "Sijui unaitwaje," alisema. "Ila nimeuona ukifanya kazi miaka mingi."

Siku ya pili ilikuwa vile vile. Siku ya tatu nilimwona mtoto kama amepungua mashavu, na labda hakuwa amepungua, labda yalikuwa macho yangu tu. Mtoto aliyezaliwa mdogo humtia mama yake woga usiokwisha. Kila nikimfunua nguo nilikuwa namwona yule wa Julai, mwenye kofia mpaka kidevuni. Nilipotoka kazini mchana sikwenda nyumbani. Nilikwenda sokoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Mjomba wake anauliza, anaendeleaje?"

Nikamweleza. Uso wake ukabadilika. Alimpenda sana yule mtoto. Akageukia rafu, akashusha chupa ya dawa ya unga, ile ya kuchanganya na maji ikawa ya watoto, rangi ya waridi, yenye harufu ya peremende.

"Hii ni jamii ya rangi mbili, ila ya watoto," alisema. "Inasafisha tumbo lote. Haibakishi kitu."

"Muuguzi amesema nisimpe chochote."

"Muuguzi ana dawa hii pale kituoni?"

"Haipo. Imekwisha tangu mwezi uliopita."

"Basi," alisema kaka kwa upole, wala hakuwa anamdhihaki mtu. "Asiye nacho atakwambia hukihitaji."

Alinifungia ile chupa kwenye gazeti, akakataa nimlipe kitu. Nami nikaichukua. Nilikuwa na cheti cha maabara ukutani, nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba hakuna cha kutibu, na nikaichukua.

Baada ya siku mbili kuharisha kulikoma. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru kaka. Siku ya nne kukarudi, safari hii maji matupu yenye harufu ambayo sikuwahi kuinusa kwa mtoto wangu. Nikaenda tena dukani. Kaka akanipa nyingine, kali zaidi. Mwisho wa wiki ile mdomo wa mtoto ulikuwa umejaa utando mweupe, ulimi mzima, mpaka ndani ya mashavu. Kila nilipompa titi alilishika, akalia kwa maumivu, akaliachia. Matiti yangu yalijaa yakauma, kisha taratibu yakaanza kunywea. Mama alikuwa akimbeba huku na huku akimwimbia kwa Kishambaa, na mimi nilikuwa nimeificha ile chupa kwenye sanduku la nguo, chini kabisa, kwa sababu sikutaka mama aione na sikutaka mume wangu aione.

Nilimpeleka kituoni asubuhi. Muuguzi alimfunua, akamvuta ngozi ya tumbo kidogo kwa vidole viwili. Ngozi ilibaki imesimama kabla ya kurudi. Akamfungua mdomo.

"Umempa nini?"

"Sijampa kitu."

Hakunipigia kelele. Aliniangalia tu, huku mkono wake umekaa kwenye paji la uso la mtoto. "Mwanangu," alisema, "mimi sikuulizi ili nikuhukumu. Nakuuliza ili nijue nianzie wapi."

Hapo nikalia. Nikamwambia yote, chupa ya kwanza na ya pili, na jina la dawa. Hakusema lolote juu ya kaka yangu. Alichosema ni, "Ulikuwa unaogopa," kisha akaita gari la kituo, tukampitia mama nyumbani, tukateremka mpaka hospitali mjini Lushoto, yeye mwenyewe amekaa nyuma pamoja nami, akimpa mtoto ORS kwa kijiko kila gari lilipotulia kwenye kona.

Tulilazwa siku kumi na moja. Daktari alisimamisha zile dawa. Mdomo wa mtoto ukapakwa ile dawa ya zambarau, akawa anaonekana kama amekula matunda pori. Alitundikiwa maji siku mbili za kwanza. Lakini kazi kubwa ilikuwa maziwa. Yangu yalikuwa karibu kukauka, na daktari alitaka mtoto apate ya mama na si mengine. Muuguzi alikuwa amemwelekeza mama yangu kabla hajarudi kituoni, na mama ndiye aliyesimamia. Kila baada ya saa mbili alinikanda matiti kwa kitambaa cha maji ya moto, akanifundisha kukamua taratibu bila kukata tamaa, hata yanapotoka matone matatu. Matone yale matatu aliyapokea kwenye kijiko kama kitu cha thamani. Alinipikia uji wa ulezi kwenye jiko la nyuma ya wodi. Mtoto alipokataa titi, alisema, "Mwache. Mlaze tu hapo, alisikie." Siku ya saba alilishika na hakuliachia. Mama akakaa kitako sakafuni, akajifuta uso kwa upindo wa kanga.

Alipona. Nasema haraka kwa sababu kupona kwenyewe kulikuwa kwa haraka. Ni kungoja ndiko kulikokuwa kurefu. Alipofika miezi sita alikuwa amenenepa. Alipofika mwaka alikuwa anatembea akishika kuta za nyumba ya walimu.

Mama hakuwahi kujua habari ya chupa. Nilimwomba muuguzi asimwambie, naye akasema hiyo ni habari yangu, si yake.

Miaka michache baadaye nilipata nafasi ya kujiendeleza, nikaenda chuoni Dar es Salaam. Binti yangu nilimwacha kwa mama, Vuga. Joto la mji lilinitesa, na kila nilipoona hoho na karoti sokoni nilikuwa nazitazama kama ndugu, najua zimetoka wapi.

Siku moja mwalimu wetu wa magonjwa ya mwili, mzee mwembamba aliyependa kuzungumza huku amefumba macho, alituwekea kwenye hadubini kipande cha utumbo mwembamba, kimekatwa chembamba na kutiwa rangi. Nilizoea kuangalia kinyesi, damu na makohozi, yaani vitu vinavyotoka kwa mtu. Sikuwahi kuuangalia ukuta wenyewe. Niliona vidole vidogo vidogo vimesimama, na katikati ya vidole vishimo, na chini kabisa ya kila kishimo kundi la seli zilizojaa punje nyekundu nyangavu, kama punje za komamanga.

"Mnaziona?" mwalimu aliuliza. "Watu walizichora zamani sana lakini kazi yake haikujulikana vizuri. Sasa ndiyo inaanza kujulikana. Zile punje ni ghala. Ndani yake mna protini ndogo mno, vipande vifupi tu. Tunaviita peptidi. Bakteria akisogea karibu na ukuta, seli hizi huzimwaga punje zake. Peptidi zinamganda yule bakteria kwenye ngozi yake, zinaitoboa, naye anavuja mpaka anakufa."

Mwanafunzi mmoja akauliza, "Kwa hiyo ni antibayotiki?"

"Ni antibayotiki ambayo mwili unajitengenezea," alisema mwalimu. "Kila siku, kwa kila mmoja wenu, bila kwenda duka la dawa. Ndiyo maana watu kumi wanakula sahani moja yenye vijidudu na wanaougua ni wawili. Na haiui ovyo. Bakteria wema wanaoishi humo tumboni, wengi wao inaishi nao kwa amani, na hao wema nao wanawazibia nafasi wabaya. Ukimwaga dawa kali bila sababu unawaondoa wema wote, unabaki na uwanja mtupu. Atakayewahi kuingia ndiye atakayetawala."

Niliinua mkono. Sikuwa mtu wa kuuliza maswali darasani.

"Na mtoto, mwalimu? Aliyezaliwa kabla ya siku zake?"

Alifumbua macho. "Swali zuri. Seli hizi kwake ni chache na bado hazijakomaa. Hana askari wa kutosha. Anategemea maziwa ya mama yake, hasa yale ya kwanza ya njano, kwa sababu nayo yana protini za kuua vijidudu, zingine ni za jamii hii hii. Mama anamwazima ulinzi mpaka wake ujijenge."

Niliinamia tena hadubini ili wenzangu wasinione uso. Zile punje zilikuwa zimeungana zikawa doa moja jekundu. Nilitoka nje nikasimama karibu na bomba la maji. Nilikuwa nimemwondolea mwanangu wale bakteria wema, na mdomo ulipomuuma nikakaribia kumkosesha hata ulinzi wa kuazima. Na yule muuguzi, ambaye hakuwahi kuiona ile slaidi, alikuwa amesema kitu kile kile: lina ulinzi wake, tulipe nafasi. Pia nilisikia furaha, na sioni haya kuisema. Kwamba ndani yetu, gizani, kuna kazi ya namna ile inafanyika bila sisi kuijua wala kuiomba.

Likizo nilipanda basi mpaka Mombo, kisha lingine la kupanda mlima, nimebeba daftari langu. Nilitaka kumwonyesha mama. Nilikuwa nimechora kile kipande cha utumbo kwa penseli za rangi.

Nilimkuta jikoni anachambua mboga ya mchunga. Binti yangu alikuwa ameenda madrasa. Tulisalimiana, akaniuliza habari za mji na za joto, akanimiminia chai. Nikafungua daftari juu ya kinu kilichogeuzwa, nikaanza kumweleza, nikichanganya Kiswahili na Kishambaa, maana Kishambaa hakikuwa na baadhi ya maneno, na kusema kweli Kiswahili nacho kilikuwa kinayatafuta. Nilimwonyesha vidole, vishimo, punje. Alisikiliza kwa makini. Aliuliza kama hata ng'ombe anazo. Nikamwambia naamini hata ng'ombe ana namna yake. Akacheka kidogo.

Kisha nikafika kwenye dang'a. Nilikuwa nimechangamka, najua kusema tu. Nikamwambia yale ya njano ndiyo yenye ulinzi mwingi, kwamba mtoto akiyakosa, akapewa maji yasiyo salama siku zile za kwanza, anakuwa kama nyumba iliyo wazi.

Mama aliacha kuchambua.

"Kati yako na kaka yako," alisema, "kulikuwa na mtoto wa kiume."

Nilijua. Yaani nilijua kwamba kuna mtoto alikufa, kama kila nyumba ilivyokuwa na mtoto aliyekufa. Hakuna aliyewahi kumzungumza.

"Alizaliwa mzito, ana nywele," mama alisema. "Wakwe zangu waliniambia nikamue yale ya njano nimwage nyuma ya nyumba. Nikamwaga siku tatu. Tukampa maji ya mto yenye sukari. Siku ya tisa tumbo likamshika. Siku ya kumi na mbili tukamzika." Alikuwa akiangalia daftari, ile michoro yangu ya rangi. "Wewe unaniambia ni mimi?"

Sijawahi kujutia elimu yangu kama nilivyoijutia dakika ile. Nililifunga daftari. Sasa ndipo nilipoelewa kwa nini aligeukia dirishani siku ile pale kituoni. Aliposikia maneno ya yule muuguzi alianza kujiuliza, na amekuwa akijiuliza miaka yote hii, na mimi nimekuja na penseli za rangi kumpa jibu.

"Mama," nilisema, "hakuna anayeweza kujua. Watoto waliopewa dang'a wamekufa, na waliomwagiwa wamepona. Mimi mwenyewe, ulinipa?"

Akafikiri. "Wewe nawe niliimwaga."

"Na niko hapa."

"Uko hapa," alisema, lakini hakuridhika, nami niliona kwamba haitoshi kumfariji kwa hesabu ya namna hiyo. Kwa hiyo nikamwambia habari ya chupa. Nilimweleza yote: jinsi nilivyoangalia kwa hadubini nikaona hakuna kitu, jinsi nilivyokwenda kwa kaka, jinsi nilivyoificha chini ya nguo zangu wakati yeye anambeba mtoto na kumwimbia. "Wewe ulifanya ulivyoambiwa na watu waliokuzidi umri," nilisema. "Mimi niliambiwa nisifanye, na nikafanya. Nimesoma na nikafanya."

Nilimngoja anigombeze, nilikuwa nataka anigombeze.

"Kwa hiyo zile siku kumi na moja," alisema mwishowe, "ulikuwa unalibeba jambo hilo peke yako?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona hukuniambia? Ningekusaidia kulibeba."

Akanivuta mkono wangu akauweka mapajani kwake, juu ya majani ya mchunga, akaushika. Mikono yake ilikuwa na harufu ya majani yale machungu. Chai ikapoa mbele yetu.

Kaka nilimwambia siku iliyofuata, nilipopita Mlola. Nilichagua maneno. Alisikiliza akiwa ameegemea kaunta, kama alivyowasikiliza wateja wake, na nilipomaliza aliuliza swali moja tu: "Kwa nini hukuniambia siku ile ile? Nimewapa wangapi tangu wakati ule?" Hilo ndilo kosa langu ambalo sijaweza kulitengeneza mpaka leo. Kwa kumlinda yeye na kujilinda mimi, nilinyamaza miaka. Kaka hakufunga duka, ana watoto wa kusomesha. Lakini tangu wakati ule mama yeyote akija na mtoto anayeharisha, anampa pakiti za ORS na kumwuliza kama kuna damu, kama kuna homa, na kama mtoto ananyonya. Kukiwa na damu au homa anamwelekeza kituoni, mwenyewe anatoka mpaka barabarani kumwonyesha njia. Wengine walimwacha wakaenda duka jingine, linalouza bila maswali. Alilalamika kidogo, kisha akazoea.

Kabla sijarudi chuoni mama aliniambia nimsindikize. Tulipita nyuma ya nyumba, tukapita migomba, mpaka mahali ambapo kulikuwa na mawe matatu yaliyozama kwenye nyasi. Nilikuwa nimecheza pale utotoni bila kujua. Mama alipiga magoti akaanza kung'oa nyasi kwa mikono, nami nikapiga magoti upande wa pili. Alinieleza kwamba mtoto aliyelala pale alikuwa na alama ndogo ya kuzaliwa nyuma ya sikio, na kwamba alipokuwa akinyonya alikuwa akimshika kidole. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayemtaja mwanawe. Tuliyasafisha mawe mpaka yakaonekana vizuri, akasoma Fatiha, nikaitikia amina. Kisha akasimama, akajipangusa magoti, akasema wageni wa mchana wako njiani na maharage hayajachumwa.